Hilary Ng'weno na Weekly Review: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa muda kutoka kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, walimu wa historia, na vijana waliokuta jina la Ng'weno kwenye tanbihi za vitabu wakataka kujua ni nani huyu anayetajwa kila mahali. Sikuwahi kufanya kazi naye. Nilikua katika nyumba ambayo jarida lake lilisomwa hadi karatasi ikalegea, na majibu mengine yametoka huko.

Hilary Ng'weno alikuwa nani?

Alikuwa mwandishi wa habari, mhariri, mwenye magazeti, mtunzi wa riwaya na mtengenezaji wa vipindi vya historia, raia wa Kenya. Alizaliwa Nairobi mwaka 1938, akakulia Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alisoma Shule ya Upili ya Mang'u, kisha akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alifariki Julai 2021 akiwa na umri wa miaka 83.

Wengi humkumbuka kwa jambo moja, Weekly Review, jarida la siasa lililotoka kila wiki kuanzia Februari 1975 hadi 1999. Hilo ndilo kubwa kweli, lakini kulikuwa na mengi kabla na baada yake.

Alisomea uandishi wa habari wapi?

Hakuusomea. Harvard alisoma fizikia. Aliporudi nchini, uhuru ukiwa mlangoni, akaajiriwa na gazeti la Daily Nation kama mwanahabari wa kawaida na kujifunza kazi akiwa kazini.

Wapo wanaolichukua jibu hili kama ruhusa ya kutokwenda chuo, lakini somo hilo silo. Mtu aliyezoea fizikia hauridhiki moyo wake na maneno ya "inasemekana". Atataka kujua kitu fulani kimesababishwa na nini, na kingine kikiguswa hiki kitasogea vipi. Ukisoma makala za siasa za Ng'weno utakuta mazoea hayo. Waziri akifukuzwa Jumatatu, yeye hakuishia kuandika kwamba amefukuzwa. Alirudi nyuma kwenye mkutano fulani, ugomvi wa tawi la chama wilayani, uchaguzi mdogo uliopita, hadi msomaji akaona njia yote aliyopita waziri yule mpaka akaanguka.

Ni kweli alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Nation?

Ndiyo. Alikabidhiwa kiti hicho mwaka 1964, akiwa na miaka ishirini na kitu tu. Kabla yake wahariri wakuu walikuwa Waingereza. Hakukaa sana. Mwaka 1965 alijiuzulu, akaanza kujitegemea.

Jambo la kukumbuka hapa ni hali ya magazeti ya Kenya wakati huo. Kulikuwa na vigogo wawili. Nation lilikuwa mali ya Aga Khan. East African Standard lilianzia Mombasa mwaka 1902, likianzishwa na A. M. Jeevanjee, likaja kupita mikononi mwa walowezi, na katika miaka ya 1960 likawa la kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Mhariri angeweza kuwa Mkenya, lakini mwenye mtambo na mwenye hundi hakuwa Mkenya. Kijana aliyeketi kwenye kiti kile akiwa na umri ule alijionea mwenyewe mipaka yake ilikoishia, na nusu karne iliyofuata aliitumia kutafuta kiti chake mwenyewe.

Joe ilikuwa nini?

Joe ilikuwa jarida la vichekesho na hadithi, lililoanza 1973. Ng'weno alilianzisha pamoja na mchoraji Terry Hirst. Joe mwenyewe alikuwa mtu wa mjini wa kawaida: kodi ya nyumba inamkaba, mshahara haufiki tarehe kumi na tano, bosi hamwelewi, lakini anacheka. Ndani mlikuwa na katuni, barua na hadithi fupi za waandishi wa Kenya waliokuwa wakichipuka. Ng'weno alitoka mapema akaelekea kwenye siasa, Hirst akaendelea nalo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kulikuwa pia na Rainbow, jarida la watoto, ambalo mkewe Fleur alilihariri.

Weekly Review ilianzaje, na kwa nini kila mtu huitaja pamoja na JM Kariuki?

Jarida lilitoka mara ya kwanza Februari 1975. Halikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Wiki chache baadaye, Machi 2, Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho akiwa hai katika hoteli ya Hilton, Nairobi. JM ndiye aliyeonya kwamba Kenya isiwe nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Alipotoweka, gazeti moja kubwa likaandika yuko Zambia. Hakuwa Zambia. Maiti yake ilipatikana katika vilima vya Ngong, ikiwa na alama za risasi.

Fikiria hali ya mji siku zile. Kila mtu ananong'ona, hakuna anayejua ni nani anayesikiliza, na gazeti ulilolizoea limekwisha kukuambia jambo ambalo sasa unajua si kweli. Ndipo jarida changa lenye wafanyakazi wachache likaanza kupanga mambo kwa utaratibu: alionekana wapi, na nani, saa ngapi, polisi walisema nini, kisha wakasema nini tena, Bunge liliuliza nini. Halikumtaja muuaji. Liliweka tu maelezo ya wakubwa kando kwa kando, na yale yasiyolingana yakaonekana yenyewe. Watu walilinunua hadi likaisha vibandani. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na ripoti yake ya Juni mwaka huo ikatikisa serikali.

Kwa hiyo Weekly Review lilipata jina kwa sababu ya msiba. Hakuna mhariri anayeomba jambo la namna hiyo. Ila lilimkuta akiwa tayari.

Ndani ya jarida mlikuwa na nini hasa?

Hapa nitajibu kwa macho yangu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Voi. Nakala zake zilikuja na basi kutoka Nairobi, na dereva alizitupa kwa mwenye duka jirani na stendi. Baba alizirundika chini ya kitanda kwenye sanduku la bati. Pini zake zilikuwa zimeshika kutu, na ukiifungua nakala kutu hiyo ilibaki kwenye vidole. Karatasi ilikuwa nyembamba, rangi chache, picha za wanasiasa waliovaa suti pana. Makala kuu ya siasa ilichukua kurasa kadhaa za mwanzo, halafu Bunge, uchumi, nchi jirani, barua za wasomaji.

Mara nyingi makala hazikuwa na jina la mwandishi. Nilipokuwa mtoto nilidhani mtu mmoja ndiye aliyeandika jarida zima. Baadaye nilifahamu kwamba chumba kile cha habari kilikuwa shule. Macharia Gaitho, mwandishi wa safu ambaye Wakenya wanamfahamu hadi leo, alipita pale. Sarah Elderkin, aliyekuja kuandika pamoja na Raila Odinga kitabu cha maisha yake, alifanya kazi pale pia. Jarida lilikuwa na sauti moja kwa sababu mhariri alisoma kila kitu na kukirekebisha.

Mama alikatazwa kabisa kutumia nakala hizo kufunikia madaftari yetu. Magazeti mengine, ruhusa.

Katika nchi ya chama kimoja, kulikuwa na siasa gani ya kuandika?

Swali zuri, na ndilo linaloeleza kipaji cha Ng'weno kuliko yote. Baada ya chama cha upinzani, KPU, kupigwa marufuku mwaka 1969 hakukuwa na upinzani rasmi. Magazeti mengi yaliandika kama kwamba siasa imekwisha: rais amesema hivi, waziri amefungua kile. Weekly Review iligundua kwamba siasa haikufa, ilihamia ndani ya chama tawala, KANU. Ikaanza kuchora ramani: nani yuko kambi ya nani, wilaya hii inavutwa na kigogo gani, ugomvi wa mwenyekiti na katibu wa tawi unatokana na nini.

Mfano mmoja. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa wazito lilianza kuzunguka nchi likitaka katiba ibadilishwe. Ilivyokuwa, rais akifariki, makamu wake angeshika nafasi kwa siku 90 wakati uchaguzi unaandaliwa. Makamu alikuwa Daniel arap Moi, na kundi lile halikumtaka. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akatoa onyo kali kwamba kuwaza kifo cha rais ni kosa la kunyongwa. Mwananchi wa kawaida angeona mkutano, kisha onyo, asielewe vinahusianaje. Weekly Review ilieleza kifungu chenyewe, waliosimama huku na kule, na kila upande ulichotarajia kupata. Kenyatta alipofariki Mombasa Agosti 22, 1978, Moi akaapishwa bila vurugu, na wasomaji wa jarida hilo walikuwa miongoni mwa wachache ambao hawakushangaa.

Kwa nini serikali haikulifunga?

Kwa sehemu kwa sababu ya namna lilivyoandikwa. Ng'weno hakupiga kelele. Hakutumia maneno ya matusi wala kumhukumu mtu. Aliandika kama daktari anayemweleza mgonjwa majibu ya vipimo, polepole, na yale yasiyosemeka aliyaacha yaonekane katikati ya mistari. Na wakubwa wenyewe walilihitaji. Waziri naye alitaka kujua wenzake wanapanga nini, na njia rahisi ilikuwa kulisoma.

Lakini gazeti si lazima lifungwe kwa amri, kwani linaweza kunyimwa matangazo. Hapo ndipo Ng'weno alipokuja kuumia.

Nairobi Times ilikufaje?

Mwaka 1977 alianzisha gazeti la Jumapili, Nairobi Times, na baadaye akaligeuza la kila siku. Lilikuwa gazeti zuri, limeandikwa kwa akili, na mwenye gazeti ni Mkenya. Lakini gazeti la kila siku ni mnyama mwingine. Jarida la wiki linaweza kuishi kwa wasomaji waaminifu na matangazo machache. La kila siku linakula karatasi, wino, mafuta ya magari ya kusambaza, mishahara ya watu wa usiku, na bei anayolipa msomaji haifiki hata nusu ya gharama. Anayelipa hasa ni mwenye tangazo. Na katika Kenya ya wakati ule, mtangazaji mkubwa alikuwa serikali na mashirika yake. Mashirika ya umma yalipoambiwa yasimpe matangazo, na kampuni binafsi zikaona upepo unakovuma, hesabu ikamshinda.

Mwaka 1983 aliliuza kwa chama tawala, KANU. Likabadilishwa jina likawa Kenya Times.

Naona uchungu kila ninapoandika sentensi hiyo. Mtu aliyetaka gazeti lisilo la bwana wa nje alijikuta akilikabidhi kwa bwana wa ndani. Wapo wanaosema angelifunga tu. Huenda. Lakini wanaosema hivyo hawakuwa na wafanyakazi wanaosubiri mshahara, wala mwenye mtambo anayebisha hodi kudai deni. Ukitaka kupima uhuru wa chombo chochote cha habari, hata leo, uliza kwanza nani anayelipia karatasi.

Ni kweli Weekly Review liligeuka kuwa upande wa Moi?

Sitaikwepa hii, maana waliompenda Ng'weno huwa wanaikwepa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 makali ya jarida yalipungua. Juni 1982 katiba ilibadilishwa Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, Agosti 1 likaja jaribio la mapinduzi, na baada ya hapo watu walikamatwa kwa kumiliki tu karatasi zilizodaiwa kuwa za uchochezi. Jarida liliendelea kueleza, lakini maelezo yake yalianza kusikika kama ya mtu anayeihurumia serikali kuliko raia. Madai ya vyama vingi yalipopamba moto mwaka 1990, Weekly Review liliyatazama kwa mashaka, wakati ambapo wasomaji wake wa tangu zamani walikuwa barabarani.

Nafasi yake ikachukuliwa na wengine: Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara, Finance la Njehu Gatabaki, Society la Pius Nyamora. Hao walilipa. Nakala zao zilitwaliwa kwa wachapaji na vibandani, Imanyara akatiwa korokoroni, na mwaka 1992 wahariri wa Society walishtakiwa kwa uchochezi na kesi ikapelekwa Mombasa, mbali na ofisi zao.

Maoni yangu ni kwamba Ng'weno alikosea kusoma wakati. Mbinu ya kupanga hoja za pande zote kwa utulivu ilimfaa sana mwaka 1975, pande zilipokuwa zimefichwa. Mwaka 1991 pande zilikuwa wazi, na msomaji alitaka kujua wewe umesimama wapi. Baba yangu aliacha kununua mwaka huo. Hakusema kitu. Siku moja nilikuta sanduku la bati limefungwa kwa kufuli, na juu ya meza kuna Nairobi Law Monthly.

Hata hivyo sikubaliani na wanaofuta kazi yote ya mwanzo kwa sababu ya miaka ile ya mwisho.

Aliandika vitabu?

Aliandika riwaya iitwayo The Men from Pretoria, iliyotoka 1975, mwaka ule ule wa Weekly Review. Ni hadithi ya kusisimua kuhusu majasusi wa utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini wanaofika Kenya. Ni rahisi kuisoma, na utaona jicho la mwanahabari katika namna anavyoeleza mitaa ya Nairobi.

Lakini kitabu chake kikubwa, kwa maoni yangu, ni mkusanyiko wa Weekly Review wenyewe: nakala za miaka 24. Chukua karibu kitabu chochote kizito kuhusu siasa za Kenya ya Kenyatta na Moi, angalia tanbihi zake, uhesabu ni mara ngapi linatajwa.

Mbona hakuanzisha jarida la Kiswahili?

Hili huniuliza zaidi watu wa Pwani na Watanzania, na linaniuma mimi pia. Ni jambo la ajabu ukikumbuka kwamba kampuni ya Nation yenyewe ilianzia kwenye gazeti la Kiswahili. Aga Khan alinunua kwanza Taifa mwaka 1959, na Daily Nation likafuata 1960. Kiswahili ndicho kilichofungua mlango, kisha kikaachwa ukumbini.

Weekly Review liliandikwa kwa Kiingereza cha watu waliosoma, kwa ajili ya maofisa, walimu, mawakili na wafanyabiashara. Matangazo yaliwafuata hao. Lakini habari haikubaki kwao. Jioni, baba alikaa chini ya mwembe na wazee wa mtaa, nakala imekunjwa mkononi, akawaeleza kwa Kiswahili. Hakutafsiri neno kwa neno. Alisema, "Sasa sikilizeni, huyu bwana anataka hivi, na yule anamzuia kwa njia hii." Kifungu cha siku 90 nilikisikia kwanza hapo, kwa mfano wa nyumba ambayo baba akifa kaka mkubwa anashika funguo hadi matanga yaishe na wazee wakae. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli, hajui Kiingereza hata kidogo, aliweza kukutajia kambi zote za KANU za Taita na Mombasa.

Kwa hiyo jarida la Kiswahili lilikuwapo, ila halikuchapwa. Lingechapwa, naamini lingepata wasomaji kutoka Lamu hadi Kigoma.

Televisheni je?

Miaka ya 1990 alianzisha kituo cha STV, wakati ambapo kupata masafa ya utangazaji kulikuwa shida kubwa kwa mtu binafsi. Baadaye akatengeneza mfululizo wa historia ya Kenya, The Making of a Nation, uliorushwa na NTV, kisha vipindi kuhusu watu walioijenga nchi. Vijana wengi wanamjua kwa vipindi hivyo tu. Vitazame. Ni kazi ya mzee aliyeyashuhudia mambo mengi kwa macho na bado akaenda kuyathibitisha.

Na huyo Fleur Ng'weno wa ndege, ni ndugu yake?

Ni mkewe. Tangu 1971 ameongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, kuanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mamia ya watu wamejifunza majina ya ndege kutoka kwake.

Weekly Review lilifungwa lini?

Mwaka 1999. Magazeti ya kila siku yalikwisha kujaza kurasa zake za mwisho wa wiki kwa uchambuzi ule ule lililouvumbua, na matangazo yakahamia huko.

Nitapata wapi nakala za zamani, na nianzie wapi?

Jaribu maktaba za vyuo vikuu vikongwe vya Kenya, uliza kitengo cha majarida. Wauza vitabu vya mitumba mitaani Nairobi nao huwa nazo mara moja moja, kwa bei ya kuelewana. Omba za Machi hadi Juni 1975. Zisome kwa mfuatano, wiki baada ya wiki, bila kuruka, na usitangulie kusoma ripoti ya kamati ya Mwangale. Soma kama mtu ambaye bado hajui JM atapatikana wapi.

Za baba ninazo mimi sasa. Katika nakala moja ya Machi 1975 kuna ukurasa aliopigia mistari kwa kalamu ya wino wa bluu, na pembeni ameandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Waeleze jioni."